Kujua kifungu cha wanyama pori kimepangwa vipi, bila kubahatisha

Swali lenyewe mshaliona: mtoto anapewa kifungu cha kasa ama fisi, mwisho anaulizwa habari imepangwa kwa njia gani, na chini pana machaguo, maelezo ya sifa, mfuatano, ulinganisho, sababu na matokeo, tatizo na suluhisho. Wengi hapo wanakimbilia maneno ya dalili, wakiona "kwanza" tiki kwa mfuatano, wakiona "lakini" tiki kwa ulinganisho, na ndo wanaponaswa, manake hayo maneno yako kwa kila aina ya kifungu.

Mi naona bora usome chote mpaka mwisho, kalamu chini, halafu ujiulize huyu mwandishi alikuwa anajibu swali gani.

Akiwa anajibu "mnyama huyu yukoje?" ni sifa. Mfano mbega: manyoya meusi na meupe, mkia mrefu, kidole gumba hana ama kiko kama kigutu tu, chakula chake zaidi ni majani. Sasa hebu zipindue hizo sentensi, ya mwisho iweke mbele. Bado inaeleweka, si ndio? Haya fanya hivyo kwa kasa: jike anapanda ufukweni usiku, anachimba shimo, anataga mayai mia na zaidi, anafukia, anarudi baharini, na baada ya kama miezi miwili vitoto vinatoka. Ukipindua hapa kasa atafukia mayai ambayo hajataga. Huo ni mfuatano, hata kama hakuna "kwanza" wala "kisha" popote.

Ulinganisho ni rahisi, ila kuna mtego mmoja. Aya ya kwanza yote duma, aya ya pili yote chui, na mtoto anasema hizi ni sifa tu. Angalia kama aya zote mbili zinagusa mambo yale yale: duma ana mistari myeusi toka machoni hadi mdomoni na anawinda mchana, chui hana hiyo mistari na zaidi anawinda usiku. Mambo yakilingana hivyo, ni ulinganisho.

Sasa penye kazi ni sababu na matokeo dhidi ya tatizo na suluhisho, hapa hata watu wazima wanabishana. Chukua kasa tena: mchanga ukiwa na joto zaidi mayai yanatoa majike wengi, ukiwa wa baridi kidogo wanakuwa wengi madume. Kitu kinaleta kitu, basi, hakuna mtu ameingilia. Halafu chukua mbega wa Diani, huku pwani ya Kenya, barabara imepita katikati ya miti yao, wakishuka kuvuka wanagongwa na magari, ikabidi wahifadhi wafunge madaraja ya kamba juu ya barabara ili wapite hewani. Hapa pia kuna sababu na kuna matokeo, ndo maana wanachanganyikiwa, lakini kuna watu wameona shida wakafanya kitu. Mimi swali langu huwa hilo tu: kuna aliyechukua hatua? Kama yuko, na mwandishi amemweleza vya kutosha, ni tatizo na suluhisho. Sentensi moja ya "serikali inafaa kufanya kitu" pale mwisho haihesabiki.

Na vingine vimechanganywa. Tuseme ni kifungu cha Owen, yule kiboko mtoto aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Haller Park, hifadhi ya wanyama hapa Bamburi, Mombasa, akamng'ang'ania kobe Mzee kama mamake. Ndani utakuta sifa za kobe, utakuta shida ya kiboko kukosa mama, na utakuta tarehe. Jaribu kutoa aya moja moja. Ukitoa ile ya umri na ukubwa wa kobe, habari bado inasimama, lakini ukitoa ile ya kuokolewa, kilichobaki hakieleweki kimetoka wapi. Kwa hivyo uti wa mgongo ni mfuatano, hizo zingine ni nyama.

Ukitakiwa kutoa sababu ya jibu lako, usiandike "kwa sababu kuna neno baadaye". Toa mambo mawili kutoka kwa kifungu chenyewe, useme yanahusiana vipi.