Jinsi ya kuandika ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya biashara ndogo

Mtu anayefungua tovuti yako kwa mara ya kwanza anataka kujua mambo matatu: mnafanya kazi gani, mnamfanyia nani, na akiihitaji aanzie wapi. Asipoyaona kabla ya kuteremsha ukurasa, mara nyingi huondoka. Tatizo kubwa ni kwamba mwenye biashara huandika anavyojiona yeye, wakati mteja amekuja na shida yake. Kwa hiyo usianze na kichwa cha ukurasa. Anza na wateja. Mfano tutakaoutumia ni biashara ya kuosha makochi na mazulia majumbani.

Hatua ya 1: Kusanya maneno ya wateja

Fungua jumbe 20 hadi 30 za mwisho ulizotumiwa na wateja. Nakili kama zilivyo, bila kurekebisha lugha, kila sentensi inayoonyesha walichotaka, walichohofia au walichosema baada ya kazi. Kama huna jumbe za kutosha, wapigie wateja 5 waliokulipa karibuni uwaulize: "Kabla ya kututafuta, ulikuwa unahangaika na nini?" na "Ni nini kilikuwa kinakufanya kusitasita?" Usiwaulize walipenda nini. Watakusifu tu, na sifa hazikupi cha kuandika.

Hutakuta aliyeandika "natafuta suluhisho la usafi wa kisasa". Utakuta hivi: "Mtoto kamwaga maziwa kwenye kochi, limeanza kunuka. Mkiosha leo litakuwa limekauka kesho jioni? Nina wageni." Hapo kuna shida (harufu), kuna hofu (kochi kubaki bichi), na kuna muda. Ujumbe mmoja wa namna hiyo una thamani kuliko kikao kizima cha kubuni kaulimbiu.

Hatua ya 2: Hesabu yanayojirudia

Weka alama kila jambo linapotajwa tena. Linaloongoza ndilo linalokwenda juu kabisa. Swali lolote lililoulizwa mara 3 au zaidi lijibiwe kwenye ukurasa.

Hatua ya 3: Andika kichwa kikuu

Maneno 6 hadi 12 yanatosha. Taja kazi, kitu kinachofanyiwa kazi, na matokeo anayoyataka mteja:

"Tunaosha makochi na mazulia nyumbani kwako, yanakauka siku hiyohiyo."

Ahadi hiyo iandike tu kama unaweza kuitimiza. Sponji nene na hewa yenye unyevu huchelewesha kukauka. Ikiwa msimu wa mvua kochi huchukua siku mbili, sema siku mbili. Mteja aliyeambiwa ukweli hupanga wageni wake vizuri, lakini aliyedanganywa hupiga simu akiwa amekasirika.

Kipimo cha kichwa ni hiki: kibandike kwenye tovuti ya biashara ya aina nyingine kabisa, tuseme ya bima au ya viatu. "Tunakupa huduma bora kwa weledi wa hali ya juu" inafaa kote, maana yake haijasema lolote. Ifute.

Chini ya kichwa weka sentensi moja isiyozidi maneno 25, itaje eneo mnalofika na namna kazi inavyokwenda.

Hatua ya 4: Kitufe kimoja chenye kitenzi

"Wasilisha" na "Bofya hapa" havimwambii mtu atapata nini. "Tuma picha upate bei" kinamwambia. Chini yake andika kitakachofuata: "Tunajibu ndani ya dakika 60, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni." Vitufe vitatu vya rangi moja vikikaa pamoja, mgeni hajui aguse kipi.

Fomu iulize jina, namba ya simu na kazi yenyewe. Mengine utayauliza mkishaanza kuzungumza. Namba yako ya simu isiwe ndani ya picha, kwa sababu haitaguswa ikapiga, na programu zinazowasomea wasioona zinaweza kuipita. Iwe maandishi yenye kiungo kinachoanza na tel:, ambacho mtu akikigusa simu yake huandaa kuipiga namba hiyo.

Hatua ya 5: Jibu hofu, kisha jieleze

Bei ndiyo hofu inayofichwa zaidi. Kama haiwezi kuwa moja, andika inaanzia wapi na nini huipandisha: idadi ya viti, aina ya kitambaa, madoa ya zamani. Kisha weka picha za kazi zenu wenyewe, kabla na baada, pamoja na maoni mawili ya wateja waliokubali yatumike. Chagua yanayotaja jambo mahususi, kama harufu kuisha. "Asanteni, kazi nzuri" haishawishi mtu. Historia ya biashara ikae chini, aya moja.

Hatua ya 6: Maneno yanayoonekana kwenye Google

Jina la ukurasa, yaani mstari unaobofywa kwenye matokeo ya Google, liwe na herufi zisizozidi 60 hivi, likianza na kazi na eneo, kisha jina la biashara. Tovuti nyingi huacha neno "Mwanzo" hapo, na nafasi inapotea bure. Maelezo ya chini yake yawe na herufi kama 150. Google huweza kuyabadilisha, lakini yaandike hata hivyo.

Hatua ya 7: Jaribu kwenye simu

Mwonyeshe mtu asiyeijua biashara yako ukurasa huo kwa sekunde 5, ufiche, kisha umuulize mnafanya kazi gani. Usimsaidie. Akijibu "mnauza makochi", picha imekizidi nguvu kichwa: weka picha ya fundi akiwa kazini na ukuze maandishi. Rudia na mtu mwingine, kwa kuwa wa kwanza ameshajua jibu. Fika watu 5.

Baada ya mwezi rudi kwenye jumbe mpya. Wakiendelea kuuliza jambo ambalo tayari limeandikwa, lipandishe juu zaidi kabla ya kuliandika upya.