Shamba dogo la familia lenye kona ya majirani

Kabla ya kununua jembe, kaeni mezani familia nzima, watoto wakiwemo, mjibu swali moja: mavuno yatakuwa ya nani? Mimi na mke wangu tulianzia hapo. Andikeni sehemu ya nyumbani, sehemu ya watakaokuja kulima nanyi, na sehemu ya asiyeweza kushika jembe. Kama ardhi ni ya kuazima, iwe ya kanisa au ya ndugu, andikeni pia muda wa kuitumia na miti mtakayopanda itabaki mikononi mwa nani.

Kisha udongo. Ulizeni eneo lilitumikaje zamani. Palipokuwa na gereji au nyumba zilizopakwa rangi za kale huweza kubaki madini ya risasi, kwa hiyo pelekeni sampuli maabara. Kutambua aina ya udongo ni rahisi: jaza udongo theluthi ya chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, kisha iache itulie. Mchanga hushuka kwa dakika moja hivi, tope baada ya saa kadhaa, mfinyanzi siku nzima au zaidi. Matokeo yoyote yale, tengenezeni mboji. Lundo lisipungue mita moja kila upande, majani makavu yazidi mabichi, na unyevu uwe wa kitambaa kilichokamuliwa. Joto lake likikaa kati ya nyuzi 55 na 65 za Selsiasi, mbegu nyingi za magugu hufa, likipoa, ligeuzeni. Samadi mbichi iwekwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna chochote kinachogusa udongo.

Shamba letu tumeligawa sehemu saba. Katika Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinaagiza ardhi ipumzike mwaka wa saba, na maskini wale kinachoota. Familia yenye shamba dogo haiwezi kuliacha lote, basi kila mwaka sehemu moja inapumzika chini ya mikunde, ambayo bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Ikianza kutoa maua tunaifyeka na kuilaza palepale. Matuta mengine yawe na upana wa mita 1.2, mkono ufike katikati pasipo kukanyaga.

Sasa kona, ambayo kwangu ndiyo roho ya shamba. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, hakisemi uvune yote kisha ugawe. Kinasema usivune pembe za shamba, uwaachie maskini na mgeni. Anayepewa fungu husimama mbele ya mtoaji. Anayechuma mwenyewe huja kama mtu wa kazi. Ruthu, mjane mgeni katika Biblia, aliokota kwa mikono yake, na Boazi, mwenye shamba, akawaagiza vijana wake wamwangushie masuke makusudi, wala wasimkemee. Basi kona yenu iwe kando ya njia, na mlango wake usifungwe. Pandeni humo vitu ambavyo mgeni anaona vimeiva, kama nyanya, na mboga zinazochipua tena zikichumwa. Miche iwe bora sawa na ya kwenu, isiwe ile iliyodumaa. Acheni mkasi na kikapu hapo. Msiandike majina, msipige picha. Sisi husali kabla ya kazi; apendaye hujiunga, na asiyesali achume vilevile.

Zao moja liwe la kuuza, kwani mbegu na vifaa havitanunuliwa kwa nia njema. Shamba la Koinonia, jumuiya ya Kikristo iliyoanzishwa Georgia, Marekani, mwaka 1942, lilisusiwa na wafanyabiashara kwa sababu weusi na weupe waliishi na kufanya kazi humo kama ndugu. Lilijikimu kwa kuuza njugu za pekani kwa posta. Nanyi tafuteni zao linalohifadhika na wanunuzi wa zaidi ya mahali pamoja.

Mkesha wa siku yenu ya mapumziko ya kila wiki mwagilieni hadi maji yazame chini, matandazo (nyasi au majani yanayofunika udongo) yakiwa na unene wa sentimita 5 hadi 10. Mboga zilizokwisha kushika mizizi zitavumilia siku hiyo. Kuku na mbuzi watahitaji maji hata siku hiyo: wekeni zamu, na aliyeshika zamu apewe siku nyingine nzima ya kupumzika.