Jinsi ya Kuchagua Televisheni ya Sebuleni: Mwongozo wa Fundi, Hatua kwa Hatua

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kufungua na kutengeneza televisheni, na wateja ambao televisheni zao hazitengenezeki tena huniuliza swali lilelile kabla ya kuondoka: sasa ninunue ipi? Sijibu kwa kutaja kampuni. Huwauliza wanatazama nini, wanakaa wapi sebuleni na umeme wa mtaani kwao ukoje, kwa sababu mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama fedha watakayotoa itawapa picha nzuri au itaishia kwenye maandishi ya boksi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na hatua nne za mwanzo hufanyika nyumbani kabla hujakanyaga dukani.

Hatua ya 1: Andika unachotazama na njia inayokifikisha kwenye kioo

Chukua karatasi uorodheshe vyanzo vyote vya picha nyumbani kwako. Kwa familia nyingi orodha huwa fupi: king'amuzi kwa ajili ya taarifa ya habari, tamthilia na mpira; flashi yenye filamu zilizotafsiriwa; na YouTube kwa bando la simu. Baada ya hapo andika kila chanzo kinaunganishwaje, maana hapo ndipo picha nyingi zinapoharibikia bila mwenye nyumba kujua.

King'amuzi kilichounganishwa kwa waya za AV, zile za njano, nyeupe na nyekundu, hutoa picha yenye nukta (vidoti vidogo vinavyounda picha) 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. Televisheni ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Maana yake ni kwamba kila nukta moja iliyotoka kwenye king'amuzi inalazimika kujaza nafasi ya nukta 20 kwenye kioo, na kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa ndivyo nyuso za watu zinavyozidi kuwa na ukungu na maandishi ya chini ya taarifa ya habari yanavyozidi kukatikakatika. Nimekwenda kwenye nyumba nyingi ambako nimeitwa kwa madai kwamba televisheni mpya ni mbovu, nikakuta televisheni nzima kabisa ikilishwa na waya hizo tatu. Kama king'amuzi chako kina tundu la HDMI, yaani la waya mmoja unaobeba picha safi pamoja na sauti, nunua waya wake kwanza, kisha uingie kwenye mipangilio ya king'amuzi na kuchagua 1080 badala ya 576. Huenda ukagundua kwamba televisheni uliyonayo bado inafaa.

Pia kumbuka kwamba HDMI haiwezi kuipandisha hadhi chaneli ambayo imerushwa kwa ubora wa kawaida tangu kituoni. Nyumba inayotazama king'amuzi peke yake, kwenye kioo kisichozidi inchi 43, itaridhika na Full HD, yaani kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080, na sioni sababu ya kuongeza fedha kwa ajili ya 4K katika ukubwa huo. Kuanzia inchi 50 kwenda juu karibu kila televisheni mpya ni ya 4K, kwa hiyo uamuzi huo huwa umeshafanywa na watengenezaji.

Wanaotazama kwa intaneti wapige hesabu ya bando mapema. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, picha ya HD hutumia hadi GB 3 kwa saa na ya 4K hadi GB 7 kwa saa, hivyo filamu moja ya saa mbili katika 4K inaweza kumaliza GB 14. Kwa mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo hilo si tatizo. Kwa anayetegemea kurusha bando kutoka kwenye simu, ubora huo atakaoulipia dukani ataufaidi kwa nadra sana.

Hatua ya 2: Pima sebule kwa futi

Ukubwa wa televisheni hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala wake, na inchi moja ni sentimita 2.54. Pima umbali kutoka mahali kioo kitakapokaa hadi usawa wa macho ya mtu aliyeketi kwenye kochi, kisha ubadilishe umbali huo kuwa inchi. Ikiwa unatazama zaidi picha za HD na 4K, gawanya kwa 1.6, kipimo ambacho hukifanya kioo kijaze takriban nyuzi 30 za upeo wa macho. Ikiwa unatazama zaidi chaneli za kawaida za king'amuzi, mimi hugawanya kwa 2.2 ili ukungu wa picha usionekane.

Tuchukue mfano wa kochi lililo umbali wa mita 2.5, ambazo ni takriban inchi 98. Mtazamaji wa filamu za 4K atapata inchi 61, hivyo achukue 55 au 65 kulingana na mfuko wake. Mtazamaji wa king'amuzi atapata inchi 45 hivi, na televisheni ya inchi 43 itamfaa vizuri zaidi kuliko ya 65 ambayo jirani yake amenunua.

Pima pia meza. Kioo cha inchi 43 kina upana wa takriban sentimita 95 na cha inchi 55 takriban sentimita 122. Televisheni nyingi za sasa zina miguu miwili iliyowekwa karibu kabisa na ncha zake, kwa hiyo meza ambayo ilibeba televisheni ya zamani yenye mguu mmoja wa katikati inaweza kuwa fupi kwa mpya iliyo na ukubwa uleule.

Hatua ya 3: Angalia mwanga na mahali watu wanapoketi

Kaa sebuleni saa nane mchana, mapazia yakiwa kama yanavyokuwa siku zote, na uangalie kama dirisha au mlango unaakisi kwenye ukuta wa televisheni. Ikiwa mwanga ni mwingi, unahitaji kioo chenye mwangaza mkubwa. Ikiwa makochi yamepangwa kwa umbo la L, au watoto huketi kwenye mkeka pembeni, unahitaji kioo ambacho rangi zake hazififii kikitazamwa kwa ubavuni.

Vioo vya kawaida vya LED viko vya aina mbili. Aina ya VA ina weusi ulioiva na inapendeza usiku kwa mtu aliyeketi katikati, lakini rangi zake hupauka ukisogea pembeni. Aina ya IPS hubaki na rangi zake ukiwa pembeni, ila weusi wake huelekea kijivu chumba kikiwa na giza. Boksi mara nyingi halitaji aina, na nitaeleza namna ya kuitambua tukifika dukani. QLED ni kioo cha LED kilichoongezewa tabaka la kung'arisha rangi, wakati OLED ni teknolojia tofauti kabisa ambayo kila nukta hujiwashia mwanga wake, na picha yake ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Hata hivyo, siishauri OLED kwa nyumba ambayo televisheni inashinda kwenye chaneli moja kuanzia asubuhi, kwa kuwa nembo ya kituo na mstari wa habari visivyohama vinaweza kuacha kivuli cha kudumu kwenye kioo.

Hatua ya 4: Tenga fedha ya kulinda umeme

Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 230, lakini unaporudi baada ya kukatika huweza kupanda kwa ghafla kupita kiwango hicho, na katika maeneo ambayo nyumba nyingi zimeunganishwa kwenye transfoma moja hushuka jioni hadi taa zikafifia. Nikifungua televisheni iliyopigwa na umeme, huanza kwa kuangalia bodi ya umeme, na mara nyingi nakuta fyuzi imekatika na kapasita zimevimba kichwani, wakati mwingine pamoja na alama nyeusi ya moshi kwenye bodi. Bodi hiyo hutengenezeka. Umeme ukipita ukafika kwenye bodi kuu au kwenye kioo chenyewe, gharama hukaribia bei ya televisheni mpya.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua bajeti, toa fedha ya kifaa cha kulinda umeme, yaani TV gadi, chenye uwezo wa kukata umeme unapopanda au kushuka na kusubiri dakika chache utulie kabla ya kuurudisha. Palipo na umeme unaoshuka kila jioni, stabilaiza ni bora zaidi. Ikiwa fedha haitoshi kununua inchi 55 pamoja na ulinzi, nunua inchi 50 iliyo na ulinzi. Mvua ya radi inapokaribia, chomoa waya wa umeme na waya wa dishi au antena pia, maana radi hupita njia zote mbili.

Wanaoletewa televisheni na ndugu walioko nje, na wanaonunua za mtumba kutoka Japani, wasome kibandiko cha nyuma. Kikisomeka 100–240V, hakuna shida. Kikisomeka 100V au 120V peke yake, televisheni hiyo itaungua mara tu itakapochomekwa bila transfoma ya kushusha umeme. Aidha, televisheni za Marekani na Japani hutumia mifumo mingine ya kupokea matangazo, hivyo hazitanasa chaneli zetu za antena ambazo hurushwa kwa DVB-T2, na zitahitaji king'amuzi.

Hatua ya 5: Soma boksi kwa uangalifu

Tafuta mahali palipoandikwa idadi ya nukta za kioo. Maneno yanayosema kwamba televisheni inakubali 4K yana maana kwamba inaweza kufungua faili la 4K, na kioo chenyewe kinaweza kuwa cha nukta 1,366 kwa 768. Namba ndiyo ya kuamini.

Hesabu matundu ya HDMI. Mawili ni machache kwa nyumba yenye king'amuzi, gemu na sabufa, matatu yanatosha. Kuhusu sabufa, angalia njia ya sauti ya kutokea. Sabufa nyingi tulizonazo nyumbani hupokea sauti kwa waya nyekundu na nyeupe, ilhali televisheni nyingi mpya hutoa sauti kwa HDMI ARC, Bluetooth au tundu la waya wa mwanga tu. Ukilitambua hilo mapema utanunua kigeuzi kidogo siku hiyohiyo.

Kuhusu mfumo wa smart, chagua wenye jina linalojulikana, kama Google TV, webOS, Tizen au VIDAA. Zipo televisheni za bei rahisi zenye Android isiyothibitishwa, ambazo programu za filamu hugoma kufunguka au hufunguka kwa ubora wa chini, na ambazo huanza kuwa nzito baada ya muda mfupi. HDR, yaani uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza kwa undani katika picha moja, nayo imeandikwa karibu kila boksi, lakini kioo kisicho na mwangaza wa kutosha hakiwezi kuionyesha, kwa hiyo usilipie neno hilo peke yake.

Hatua ya 6: Jaribu dukani kwa flashi yako

Beba flashi yenye kipande cha mpira, kipande cha tamthilia kilicho na matukio ya usiku, na picha tano za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Video za dukani zimetengenezwa ili kila televisheni ipendeze, hivyo hazikuonyeshi tofauti.

Omba modi ya picha itolewe kwenye ile yenye rangi kali iwekwe kwenye ya kawaida. Weka picha nyeupe utafute nukta nyeusi na mabaka. Weka nyeusi utazame kama kuna mwanga unaovuja kwenye pembe. Cheza kipande cha mpira, ukifuatisha macho kwenye mpira wenyewe unaporushwa juu, uone kama unaacha mkia. Kisha tembea hadi usawa wa pembeni kabisa: rangi zikipauka, hicho ni VA, zikibaki, ni IPS. Mwisho ingia kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za kifaa, na ulinganishe namba ya modeli na iliyo kwenye boksi na kwenye kibandiko cha nyuma. Zote tatu zinapaswa kufanana.

Hatua ya 7: Ulizia vipuri na waranti

Kabla ya kulipa, mpigie fundi unayemwamini umtajie modeli, umuulize kama bodi na stripu za taa zake zinapatikana. Taa za nyuma ya kioo ndizo zinazokufa mara nyingi: sauti inakuwepo, picha haionekani, lakini ukimulika kioo kwa tochi ya simu unaona watu wakitembea gizani. Kwa modeli inayojulikana hiyo ni kazi ya siku moja. Kwa modeli ngeni, unaweza kusubiri stripu kwa wiki kadhaa.

Uliza kama waranti ni ya kampuni au ya duka, kisha dai risiti ya EFD yenye namba ya modeli.

Hatua ya 8: Isafirishe, uiwashe na uipunguze mwangaza

Televisheni husafirishwa ikiwa imesimama. Ikilazwa kwenye bajaji au kirikuu, kioo hupinda kwa uzito wake kila gari linaporuka shimo, na kikipasuka, ufa huo hauingii kwenye waranti.

Ukifika, rudia jaribio la picha za rangi jioni hiyohiyo, kisha punguza mwangaza wa taa za nyuma kutoka 100 hadi kati ya 60 na 70, ambao kwa sebule nyingi unatosha na huongeza sana maisha ya stripu. Acha nafasi ya kupitisha hewa nyuma yake, hasa kwa sisi wa pwani ambao hewa ya chumvi hula miguu ya vipuri, na funika matundu yasiyotumika, kwa kuwa mijusi na sisimizi hupenda joto la bodi ya umeme na huleta shoti. Boksi pamoja na maboya yake yatunze mpaka waranti iishe, kwani utayahitaji ikibidi kuirudisha dukani ikiwa salama.