Kuzuia baridi katika nyumba kuukuu za Maine: ziba kwanza, ndipo ujaze

Watu wengi wanaohamia Maine kutoka Kongo, Rwanda na Burundi hukutana na nyumba za mbao zilizojengwa kabla ya 1940. Boila huwaka usiku kucha, mafuta yanaisha, na miguu bado ina baridi. Lawama hutupiwa madirisha, lakini mara nyingi kosa kubwa liko juu ya dari. Hewa yenye joto hupanda na kutokea kwenye matundu ya huko juu. Inapotoka, huvuta hewa ya baridi kupitia besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba. Kwa hiyo anza juu, kisha shuka chini. Kuta na madirisha yatafuata.

Kabla ya kugusa chochote darini, angalia mambo mawili kwa tochi. Ukiona chembe nyepesi za rangi ya kijivu au kahawia zinazong'aa kama vipande vya mawe laini, huenda ni vemikulaiti, madini yaliyotumika zamani kuzuia baridi, ambayo mengi yaliyouzwa Marekani yalichanganyika na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Usiyachezee, usiyafagie, funga mlango wa dari uite wataalamu. Pili, ukiona nyaya zilizopita juu ya vishikizo vya kauri, fundi umeme azikague kwanza. Nyaya hizo hupoa kwa hewa inayozizunguka, na ukizifukia zinaweza kupata joto hadi kuwasha moto.

Kukiwa salama, vaa barakoa ya N95, miwani na glavu. Kanyaga boriti tu, maana plasta iliyo katikati haitakubeba. Sasa funua pamba ya zamani ya kuzuia baridi utafute matundu. Palipo na madoa meusi ndipo hewa inapopita: pamba imekuwa ikichuja vumbi la nyumba kwa miaka. Mashimo ya nyaya na mabomba yazibe kwa povu la kopo. Vichwa vya kuta vilivyo wazi, ambavyo katika nyumba nyingi za aina hii huteremka moja kwa moja hadi besimenti, vifunike kwa vipande vya ubao wa povu gumu, kisha ziba kingo zake. Kusukumia pamba tu hakutoshi, kwa sababu hewa hupenya ndani yake.

Dohani la matofali lina kanuni yake. Usiweke povu la kawaida pale, linaungua. Kata bati jembamba lizibe mwanya wa inchi 2 hivi ulio kati ya matofali na mbao, na umalizie kwa silikoni ya kuhimili moto mkali. Halafu lizungushie bati lililosimama, ili kitakachomwagwa baadaye kisiliguse dohani.

Bomba la feni ya bafuni lisiishie darini. Mvuke wake huganda kuwa sakitu chini ya mbao za paa, na siku jua likitoka huyeyuka na kudondoka. Watu hudhani paa linavuja. Litoe hadi nje.

Baada ya hapo ndipo unajaza. Kwa baridi ya Maine lenga kati ya R-49 na R-60 (R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto lisipotee; namba ikiwa kubwa, kinga ni bora). Selulosi, yaani karatasi iliyosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, hutoa takriban R-3.5 kwa inchi, hivyo R-49 inahitaji inchi 14. Dari ya futi 24 kwa 30 ni futi za mraba 720. Chukua hesabu hiyo ulinganishe na jedwali lililochapishwa kwenye mfuko ujue idadi ya mifuko. Mwaga zaidi kidogo, maana hushuka. Ukingoni mwa paa weka kwanza vipitishio vya hewa, usije ukaziba matundu ya chini ya paa. Na mfuniko wa kupandia darini ubandike ubao wa povu wa inchi 4 na utepe wa kuzibia pembeni, kwani ukiachwa mtupu utaharibu kazi yote.

Kwenye besimenti, kazi iko pale mbao za nyumba zinapokalia msingi. Chomeka bisibisi kwenye mbao: ikizama kirahisi, zimeoza na zitengenezwe kwanza. Zikiwa kavu na imara, kata vipande vya ubao wa povu wa inchi 2, vipungue nusu inchi kila upande, vipachike kati ya boriti na ujaze mwanya kwa povu la kopo. Sakafu ikiwa ya udongo, tandika plastiki nene ya mil 6 (mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi, si milimita), vipande vipishane inchi 12.

Kujaza kuta waachie mafundi wenye mashine za kupulizia selulosi. Katika nyumba za kabla ya 1978, kutoboa kunaweza kurusha vumbi la rangi yenye madini ya risasi, hatari kwa watoto.

Mpangaji anaweza kubandika plastiki ya dirisha, ile inayokazwa kwa kikaushia nywele, na kutafuta mianya kwa moshi wa udi siku ya upepo, mbali na mapazia. Wenye kipato kidogo, waulize MaineHousing, shirika la nyumba la jimbo, kuhusu Weatherization Assistance Program, mpango wa kusaidia kukinga nyumba na baridi. Mpangaji atahitaji idhini ya mwenye nyumba.

Kazi ikiisha, mwite fundi apime kama moshi wa boila bado unatoka nje vizuri, kwa kuwa nyumba iliyozibwa inaweza kuurudisha ndani. Weka king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala.