Kamera ya rivasi kwenye pikapu ya samaki

Pikapu yangu hubeba matenga ya samaki kutoka Deep Sea, hapa Tanga. Yakishapangwa nyuma, kioo cha kati kinabaki cha kujitazamia ndevu. Siku moja nilirudi rivasi nikapasua ndoo ya mama mmoja muuza samaki. Akaniambia, "Mwanangu, macho ya nyuma hununui?" Nikalipa ndoo, nikaenda kununua kamera.

Fundi wa kwanza alisokota waya, akazungushia tepu nyeusi, nusu saa kamaliza. Baada ya miezi miwili skrini ikawa buluu tupu. Nilipofungua ile tepu nikakuta shaba imegeuka unga wa kijani. Maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yakichuruzika humo kila siku. Mara ya pili nikafunga mwenyewe.

Kabla hujalipa, angalia volti. Pikapu nyingi ni volti 12, lakini Canter na Fuso nyingi zina betri mbili zinazotoa volti 24, na kamera ya volti 12 pekee utaiunguza humo. Kisha chukua kamba, ipitishe njia yote utakayopitisha waya ya picha, ndipo uipime. Mimi nilinunua ya mita 6 kwa kukadiria kwa macho, ikaishia nyuma ya kiti cha dereva.

Kamera niliifunga kwenye bampa, juu ya kibao cha namba. Ukiiweka kwenye mlango wa nyuma, siku ukiushusha kupakia mzigo itakuonyesha ardhi.

Sasa tafuta waya ya taa ya rivasi, na rangi usiziamini, hasa kama gari limeshapita kwa mafundi watatu wanne. Weka mawe kwenye matairi, vuta hendibreki, fungua swichi bila kuwasha injini, ingiza gia ya rivasi. Zima taa zote na usikanyage breki. Chukua testa, kile kitaa cha kupimia umeme, bana koleo lake kwenye chuma kisafi cha chesisi, halafu gusa kwa ncha waya moja moja nyuma ya soketi ya taa. Testa ikiwaka, toa gia. Ikizimika, umeipata. Isipozimika, umeshika waya nyingine, endelea.

Ukishaipata, funga swichi na uchomoe waya ya hasi ya betri. Katika hatua hii nachukua muda mrefu kuliko zote. Kata waya ya rivasi, valisha mpira wa kusinyaa (wenye gundi ndani ndio unaofaa pwani), kisha unganisha ncha zote mbili na waya nyekundu ya kamera. Waya nyingi za picha huwa na uzi mwembamba mwekundu pembeni; huo nao ungia hapo hapo, ndio utakaoipelekea skrini habari kwamba umeingiza rivasi. Yeyushia risasi ya kuungia waya mpaka ipenye ndani ya nyuzi, vuta mpira juu ya kiungo, upashe moto ubane. Mimi nilisahau kuvalisha mpira kwanza, ikabidi nifumue kazi nzima huku jua la saa saba linanichoma mgongo.

Waya nyeusi ifunge kwenye bolti ya chesisi. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu. Picha inayochezacheza, mara nyingi ugonjwa wake uko hapa.

Kupitisha waya chini ya gari ni kulala chali na kuvumilia mchanga machoni. Fuata upande usio na ekzosi, kaa mbali na propela na springi, na usiifunge kwenye bomba la mafuta. Ibane kila baada ya shubiri mbili. Bodi na kebini hutikisika kila moja kivyake, kwa hiyo katikati yake iachie ilegee kidogo. Ingia ndani kupitia tundu lenye mpira wake, na kabla ya kuingia waya ining'inie kidogo chini ya tundu, maji yadondokee nje.

Mbele kazi ni fupi. Nyekundu ya skrini ipitie fyuzi ya ampea 1 au 2 hadi waya ya redio inayopata umeme swichi ikifunguliwa, nyeusi kwenye bodi, na ule uzi mwembamba kwenye waya ya skrini ya kupokea rivasi.

Rudisha betri, ingiza rivasi, msimamishe mtu nyuma upande wako wa kulia. Nilimwita mpwa wangu, akatokea kushoto kwenye skrini! Kamera yangu ilikuwa na vitanzi viwili vya waya. Kimoja ukikikata picha inageuka, kingine kinafuta ile mistari ya kukadiria umbali kwenye skrini. Soma karatasi yake kabla hujashika mkasi.

Mistari nayo usiiamini hivi hivi. Chora kwa chaki mita moja nyuma ya bampa, halafu inamisha kamera mpaka mstari mwekundu ulalie chaki.

Jioni nikiosha matenga naimwagia na kamera maji ya bomba, nafuta kioo chake kwa kitambaa. Nikiacha, asubuhi chumvi imekauka juu yake na Deep Sea yote inaonekana kama Lushoto penye ukungu.