Anza kufundisha na kutangaza kikapu magoti yakiwa bado mazima

Wachezaji hunijia goti likishagoma. "Kocha, mpira ndio umeisha hivyo, sasa nifanye nini?" Nawapenda na nawasikiliza, lakini ukocha na utangazaji vinajengwa ukiwa bado unavaa jezi. Kama una miaka 24 au 25 na unacheza ligi ya mkoa hapa Dar es Salaam, haya nakuandikia wewe, mdogo wangu.

Kwanza, usidhani kazi hizi ni za mastaa. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, alikuwa wa 2 kuchaguliwa timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009, na urefu wake ulimsaidia sana. Ukocha na maiki havimpimi mtu futi. Steve Kerr alitwaa mataji 5 akiwa na Chicago Bulls na San Antonio Spurs, muda mwingi akitokea benchi. Akaenda kuchambua mechi kwenye televisheni, akawa meneja mkuu wa Phoenix Suns, akarudi kwenye uchambuzi, na mwaka 2014 akakabidhiwa Golden State Warriors aifundishe. Mwaka uliofuata wakawa mabingwa. JJ Redick, mchezaji mwingine wa NBA, alistaafu 2021, akawa mchambuzi, na 2024 Los Angeles Lakers wakampa timu aifundishe wakati alikuwa amefundisha watoto tu. Watu hawa waliona mchezo wakaweza kuueleza. Hicho ndicho unachotakiwa kukifanyia mazoezi.

Nunua kaunta buku, kaa nayo benchi. Kila shambulizi andika mstari mmoja: mpira ulianza kwa nani, ulipita wapi, nani aliachwa huru na kwa sababu gani. Usiandike "tulikosa". Andika "beki wa kona aliingia kusaidia chini ya kikapu, mtu wake akabaki peke yake". Ukizoea, macho yako yataacha kuufuata mpira peke yake.

Kisha tafuta watoto. Nenda Don Bosco Upanga au kwenye viwanja vya JMK Park pale Kidongo Chekundu, muone kocha anayefundisha wadogo, muombe umsaidie Jumamosi. Mtoto wa miaka 10 hatakuelewa ukimhutubia. Chagua jambo moja kwa siku. Ukifundisha kugeuka bila kutembea na mpira, mwambie mguu mmoja umepigiliwa msumari, halafu mwache ageuke mwenyewe mpaka ashike. Kikapu cha mita 3.05 ni kirefu mno kwake. Cha mini-basketi, kikapu cha watoto, ni mita 2.60. Kama hakipo, mpe alama akigonga ubao. Ukiweza kumfanya mtoto aelewe kwa sentensi moja, wakubwa watakuelewa mapumziko ya dakika moja, jasho likiwatoka na mashabiki wakipiga kelele.

Kaa pia meza ya alama. Jifunze kujaza karatasi ya mechi na kuendesha saa ya sekunde 24, muda ambao timu inapewa kushambulia. Makocha wengi wanapoteza mechi wakigombana na refa juu ya kanuni ambayo wangeijua kama wangekaa pale. Shirikisho likitangaza kozi ya ukocha au ya uamuzi, jiandikishe zote mbili.

Sasa maiki. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wachezaji wazuri wanapoharibu.

Chukua simu, panda jukwaani mbali na marafiki zako, jirekodi ukitangaza robo moja tu, dakika 10. Usiku jisikilize. Msikilizaji wa redio yuko kwenye daladala, haoni kitu. Mpe mpira uko wapi, kisha nani anao, kisha anafanya nini:

"Gadi amevuka katikati, zimebaki sekunde 15 za kushambulia. Anatoa kulia, winga anapokea konani, anamhadaa beki, anaingia, anapaa... chuma! Ribaundi ya senta wao wenyewe, saa inarudi 14."

Umeona ile 14? Umeifundisha kanuni bila kuhutubia: mpira ukigonga chuma cha kikapu na timu yako iliyorusha ikauokota, hampewi 24 upya. Fanya hivyo hivyo kwenye faulo: "Hii ni ya 5 ya timu robo hii, kwa hiyo mitupo huru 2." Watu wetu wamelelewa na Simba na Yanga, wanakipenda kikapu wakielezwa.

Usipige kelele kila mpira ukiingia. Kwenye soka goli moja linaweza kusubiriwa dakika 90. Huku mpira unaingia muda wote, na ukiumaliza mdomo robo ya kwanza hutakuwa na cha kutoa sekunde 8 za mwisho, timu zikiwa zimepishana pointi moja. Taja matokeo na muda mara kwa mara, maana kuna aliyefungua redio sasa hivi. Fika timu zikipasha misuli, uwaulize wachezaji majina yao yanatamkwaje na wanataka waitwe nani. Anayelitaja vibaya jina la kijana, mama yake akiwa anasikiliza, amemvunjia heshima.

Ukiwa kocha, usichambue mechi ya timu yako. Na ukijua mchezaji fulani anacheza na kifundo kibovu, hiyo si habari ya hewani. Ukiitoa, hakuna benchi litakalokuamini tena, na uchambuzi wako utabaki bila macho ya ndani.

Ukiwa tayari, mpelekee mtayarishaji wa kipindi cha michezo sauti ya dakika 3, iliyo safi. Usiombe kipindi chako. Omba dakika 2 za kuelezea BAL, ligi ya Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021, au matokeo ya ligi ya mkoa, na uzitumie vizuri. Fedha ya mwanzo ni ndogo, kwa hiyo usiache kazi yako, na nauli na posho mkubaliane kabla ya siku ya mechi. Mechi ikiwa saa 12 jioni Upanga nawe unakaa Kimara, toka nyumbani saa 9, ushuke kituo cha Fire, umalizie kwa miguu, kaunta buku na chupa ya maji mkobani.