Namna ya kuliandikia Bunge la Kenya ombi la kurekebisha sheria ya uraia na uhamiaji

Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi mashambani, walianza safari ya miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho, na mwaka uliofuata wakaanza kuvipata. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Jamii zote mbili zilisubiri tamko la rais, ilhali Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilikuwa imewafungulia mlango watu wasio na utaifa walioishi nchini tangu tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na wazao wao. Kasoro ni kwamba mlango huo uliwekewa muda: miaka 5, ambayo waziri angeweza kuiongeza kwa miaka 3 tu. Ulifungwa mwaka 2019. Kuuondoa ukomo huo ni jambo ambalo mwananchi anaweza kuliomba mwenyewe, kwa kuwa Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria.

Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Liandike kwa Kiswahili ikiwa ndiyo lugha ya watakaolitia sahihi, ili kila mmoja aelewe anachokubali.

Anza na maisha ya mtu mmoja, bila kumtaja jina. Eleza, kwa mfano, kwamba mvuvi asiye na kitambulisho hupokea malipo ya samaki wake kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la jirani, na siku jirani akisafiri na simu yake, mvuvi hulala bila kuziona pesa zake. Maelezo ya namna hiyo, yakifuatwa papo hapo na kifungu cha sheria kinachomzuia mtu huyo, huionyesha kamati ya Bunge kasoro ilipo.

Kisha eleza ni ofisi zipi mlizoziendea kabla ya kufika Bungeni, zilijibu nini, na kama suala hilo liko mahakamani. Usiiache sehemu hii, kwani sheria ya taratibu za maombi Bungeni inaidai.

Sehemu ya kufikiriwa zaidi ni maombi yenyewe. Kusema “tunaomba tusaidiwe” hakutoshi. Andika hivi: “Kwa hivyo, waombaji wanaliomba Bunge lirekebishe vifungu vya 15 hadi 17 vya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 kwa kuuondoa ukomo wa muda, liruhusu ushahidi wa wazee wa kijiji, kadi za kliniki na rejista za shule, na liitake ofisi husika itoe sababu kwa maandishi inapomkataa mwombaji.” Mbunge akisoma maneno hayo anajua mara moja ni kifungu gani kibadilishwe na vipi.

Mwisho huwekwa majina, anwani, sahihi au alama ya kidole gumba, na nambari ya kitambulisho au pasipoti. Hapa ndipo panapouma, kwa sababu wenye shida hawana nambari ya kuandika. Watafuteni majirani wenye vitambulisho, walimu na viongozi wa dini walioishi nao, watie sahihi kwa majina yao wenyewe na kueleza wanamwombea nani. Pelekeni ombi kwa Karani wa Bunge, nanyi mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.